Mpiga Ngoma Akishika Usukani: Wasikilizaji wa Lamu na Albamu ya Spectrum

Assalaam aleikum, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana ambao naona mmekosa viti mkaamua kukaa kwenye ngazi.

Nilipoombwa nije kuzungumza juu ya muziki wa jazi nilikataa, kwa kuwa jazi ni bahari kuu na chombo changu ni dau. Nilichokubali ni kuzungumza juu ya santuri moja tu, na hata hiyo nisiizungumze kwa rai yangu peke yangu. Wengi wenu mnajua kwamba tangu kusi lilipoanza kulegea kuna watu wanaokutana nyumbani kwangu kila Jumatatu baada ya isha. Usiku wa kuamkia Ijumaa tuliuacha kwa sababu ambayo mtu wa Amu, yaani Lamu yetu hii, hahitaji kuelezwa. Tulisikiliza albamu ileile, mwanzo hadi mwisho, kwa muda wa Jumatatu sita, kisha tukabishana. Walikuwamo mzee anayepiga udi, mama mmoja ambaye harusi nyingi za mji huu zimepita mikononi mwake kwa ngoma na vugo, ile ngoma ya pembe ya wanawake, nahodha wa mashua, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na vijana wawili, mmoja wao akiwa anatengeneza midundo ya kufoka kwa kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kupika kahawa, kugeuza santuri na kuandika yaliyosemwa. Leo ninayaleta kwenu, pamoja na maneno machache ambayo sikuweza kuyazuia.

Santuri yenyewe inaitwa Spectrum, na mwenyewe ni Billy Cobham, mpiga drams aliyezaliwa Panama tarehe 16 Mei 1944 na kulelewa New York. Ilirekodiwa katika studio ya Electric Lady mjini humo kwa siku tatu, kuanzia tarehe 14 hadi 16 Mei 1973, maana yake siku ya mwisho ya kazi ndiyo siku aliyotimiza miaka 29. Kampuni ya Atlantic iliitoa mwaka huohuo, nayo ikapanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya albamu za jazi ya jarida la Billboard na nafasi ya 26 katika orodha ya albamu za aina zote, jambo ambalo si la kawaida kwa muziki usio na mwimbaji. Kabla ya hapo Cobham alikuwa mtu wa kuwapigia wengine: alitumikia bendi ya jeshi la Marekani, akapiga na mpiga piano Horace Silver, akaingia studio na mpiga tarumbeta Miles Davis, na mwaka ule wa 1973 alikuwa bado katika Mahavishnu Orchestra, bendi ya mpiga gitaa John McLaughlin. Hii ndiyo albamu ya kwanza kutoka kwa jina lake. Nyimbo kubwa zote humo alizitunga mwenyewe, na kazi yote ya kurekodi aliisimamia mwenyewe.

Muziki huu ni mchanganyiko. Kutoka kwa jazi umechukua uhuru wa mpigaji kuondoka kwenye mahadhi na kurudi atakapo. Kutoka kwa fanki umechukua besi na ngoma zinazoshikana katika kifungu kifupi na kukirudia hadi mwili ukikubali. Na kutoka kwa roki umechukua gitaa la umeme lenye sauti ya kukwaruza. Msikilizaji anayekuja na sikio la aina moja tu lazima akwazwe na zile mbili nyingine, na ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Jumatatu ya kwanza nilipoweka sindano kwenye wimbo wa kwanza, Quadrant 4, mzee wa udi hakutimiza dakika moja kabla ya kuniuliza kwa upole kama sikukosea mwendo wa mashine, nikaweka 45 badala ya 33. Sikukosea. Ndivyo wimbo ule unavyokwenda: ngoma mbili kubwa zinazopigwa kwa miguu zinakimbia bila kupumzika, na juu yake kinanda na gitaa vinafukuzana kama watoto kwenye vichochoro. Wimbo ulipokwisha mzee alisema ile methali ambayo nilikuwa naisubiri, kwamba ngoma ikilia sana hupasuka, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Mama wa vugo hakuitikia. Alisema kwamba methali hiyo wameitunga watu wanaosikiliza ngoma, wala si watu wanaozipiga, kwa sababu katika umri wake wote hajaona ngoma iliyopasuka kwa kupigwa sana. Alizoziona zikipasuka ni zile zilizopashwa moto vibaya, ngozi ikakauka upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Kisha akatutaka turudie wimbo tusikilize jambo moja tu: je, kuna pigo lolote linalomeza pigo lililo jirani yake? Tulirudia. Hakuna. Kila pigo, hata lile la haraka kabisa, lina mahali pake na unaweza kulihesabu ukiwa na subira. Hapo mzee alisema kwamba bado haupendi, ila sasa anajua kuwa hapendi kitu kilichofanywa vizuri. Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari, kwani ndivyo ningependa wasikilizaji wote wanaochukia kitu wajifunze kuchukia.

Hata hivyo mama huyohuyo alikuwa na lawama nzito kuliko ya mzee. Upande wa kwanza wa santuri una vipande vifupi viwili ambamo Cobham anapiga peke yake, kimoja kikiutangulia wimbo uliobeba jina la albamu, na cha pili, kiitwacho Anxiety, kikiutangulia Taurian Matador. Mama aliuliza wako wapi wanaomjibu. Katika vugo, alisema, pembe hupigwa ili wanawake waitikie, na chapuo, ngoma ndogo, hukimbia kwa kuwa inajua vumi, ngoma kubwa, iko nyuma yake na itasema neno zito. Ngoma inayosema bila kujibiwa ni kama mtu anayezungumza peke yake sokoni, huenda anasema maneno ya maana lakini watu watampisha njia. Kijana wa kompyuta alimjibu kwa adabu kwamba jina la kipande chenyewe ni wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi huwa hana wa kumjibu. Ni jibu la werevu. Mimi, pamoja na kuliona kuwa la werevu, nipo upande wa mama: vipande hivyo ni mkono wa fundi unaoonyeshwa kwa wateja, na albamu isingepungukiwa na kitu kama vingekatwa nusu.

Mwalimu mstaafu alileta hoja ya aina nyingine kabisa, na sitaki niipite mbio kwa sababu hapa Amu ina mizizi. Alisema kwamba mji huu ni mji wa tenzi na mashairi, kwamba hata anayelima shambani hukosoa mizani ya mwenzake, na kwamba kwake yeye wimbo usio na maneno ni bahasha iliyofungwa vizuri ambayo ukiifungua hukuti barua. Dakika zaidi ya 35 za muziki, na hakuna hata beti moja! Atajuaje kama mtungaji anafurahi au analalamika? Tulinyamaza, kwa kuwa hoja ilikuwa na uzito. Aliyeijibu, kwa mshangao wetu, ni mzee wa udi, ambaye alimkumbusha kwamba taarabu ya zamani ilifunguliwa kwa bashrafu, ambayo haina neno hata moja, na kwamba hakuna aliyewahi kusimama ukumbini akadai barua yake. Mwalimu alisema bashrafu ni mlango tu, nyumba yenyewe ni shairi. Mzee akasema basi huyu Mmarekani amejenga milango mitupu, lakini ni milango iliyochongwa, na mtu wa Amu hawezi kusema mlango uliochongwa hauna maana. Hapo tulicheka sote, mwalimu akiwamo, ingawa hadi Jumatatu ya sita hakubadili rai yake wala sikutarajia aibadili.

Juu ya wapigaji wenyewe maoni yaligawanyika zaidi kwa sababu ya gitaa. Kiini cha albamu ni watu wanne: Cobham, Jan Hammer, mzaliwa wa Prague na mwenziwe katika Mahavishnu Orchestra, kwenye vinanda, Lee Sklar kwenye besi, na Tommy Bolin kwenye gitaa. Bolin alikuwa na miaka 21, na malezi yake yalikuwa ya roki, si ya jazi. Mwalimu alisema kijana huyu ameingia kama mgeni aliyepita sebuleni bila kuvua viatu. Vijana wetu walisema ndiyo, na bila yeye sebule ingekuwa kimya mno. Mimi nimesikiliza albamu hii kwa miaka mingi, na nakubaliana na vijana: wapigaji wengine wote wanajua wanapokwenda, yeye tu ndiye unayemsikia akitafuta njia, na kutafuta huko kunampa msikilizaji sababu ya kumfuata. Miaka miwili baadaye alijiunga na Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, na tarehe 4 Desemba 1976 akafariki akiwa na miaka 25.

Ajabu ni kwamba mara nyingi walipomlaumu Bolin walikuwa wanamlaumu mtu mwingine. Hammer alikuwa anatumia kinanda cha umeme cha aina ya Moog, ambacho kina kifaa cha kuivuta sauti ipande au ishuke katikati ya noti, kama kidole kinavyoivuta waya wa gitaa, na akakipitisha katika sauti ya kukwaruza hata mtu asijue nani ni nani. Jumatatu ya tatu nilifanya mchezo: kila mmoja ainue mkono wa kulia anaposikia gitaa na wa kushoto anaposikia kinanda. Mikono ilipanda na kushuka kama ya watu wanaofukuza nzi, na hakuna wawili waliokubaliana mpaka mwisho. Mzee wa udi peke yake ndiye aliyekuwa akipatia mara nyingi, na alipoulizwa siri yake alisema waya hufa, kinanda hakifi. Yaani noti ya gitaa hufifia hata ukiing'ang'ania, na ya kinanda hukatwa.

Sasa nifike kwenye wimbo uliotuchukua Jumatatu mbili nzima. Upande wa pili wa santuri unafunguliwa na Stratus, karibu dakika 10. Mwanzo wake hauna njia: vinanda vinanguruma kwa mbali kama radi ya baharini, drams zinapita juu yake kwa vishindo vya ghafula, na msikilizaji anangoja kwa karibu dakika tatu bila kuambiwa anangoja nini. Nahodha alikasirika. Alisema kama hiki ni chombo basi kimekaa bandarini tanga likipepea, na abiria wameshalipa nauli. Mzee wa udi, ambaye hadi hapo alikuwa upande wa wanaolalamika, ndiye aliyesimama kuutetea: alisema hii ni taksimu, ule utangulizi huru kabla ya wimbo, na kwamba mpigaji anayekurupuka na mahadhi kabla ya kuwapimia wasikilizaji hewa hajafunzwa. Sina hakika kama Cobham angeikubali tafsiri hiyo, lakini sikioni mwa mtu wa Pwani inasimama.

Kisha Sklar anaingia. Kifungu chake cha besi ni kifupi, mtoto anaweza kukiimba baada ya kukisikia mara mbili, na anakirudia kwa dakika zote zilizobaki bila kukipamba. Cobham anakaa juu yake na kukaza uzi. Nyuso za watu zilibadilika wote kwa pamoja, hata ya mwalimu. Kijana wa kompyuta aliruka, kwa kuwa aliujua mdundo ule tangu zamani bila kumjua mwenyewe: kundi la Massive Attack la Bristol, Uingereza, liliuchukua mwaka 1991 na kujengea juu yake wimbo wao Safe from Harm. Alituchezea kwenye simu. Tuliusikiliza, tukarudi kwenye santuri, na hapo ubishi ukaanza: kama mdundo huu umeishi miaka 18 ukasafiri hadi kwa watu wasiojua jazi, sifa ni ya mpiga drams au ya mpiga besi?

Kijana alisema ya mpiga drams, ndiye mtungaji. Mama wa vugo alisema ya mpiga drams pia, lakini kwa sababu nyingine, nitaieleza. Nahodha alisema ya besi, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nikubali kuja kusimama hapa. Alisema watu wasiojua bahari, wakitazama mashindano ya mashua, humtazama aliyeshika usukani na wale wanaoning'inia kwenye ubao uliotokeza nje ili chombo kisipinduke, kwa kuwa hao ndio wanaoonekana wakifanya kazi. Hawaioni farumi. Farumi si shehena, haiuzwi popote mnapofika, hakuna anayeipigia makofi. Ni mchanga na mawe tu chini ya chombo. Lakini itoe uone kama kuna tanga utakaloweza kulitweka. Besi hii, alisema, ni farumi, na ndiyo sababu yule wa drams anaweza kutweka kila tanga alilonalo.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: na farumi huingia chomboni yenyewe? Ni nahodha anayeamua iwe kiasi gani na ikae wapi. Yeye anajua wapiga ngoma, alisema, na anajua kwamba mpiga ngoma akipewa harusi yake mwenyewe, kitu kigumu kuliko vyote ni kuikabidhi kazi nzuri kwa mwingine. Huyu aliuandika wimbo wake mkubwa kuliko wote, katika albamu yenye jina lake, akampa mwenziwe maneno, naye akabaki na vituo. Kwa hiyo sifa ya besi ni sifa yake pia. Nahodha hakupata jibu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, nikaandika kwamba mama alishinda.

Hapa ndipo nilipo mimi pia, na nitalisema bila kuzunguka. Maoni mengi niliyowahi kuyasikia juu ya albamu hii, ya wageni na ya wenyeji, hugeuka kuwa mizani ya wingi: mmoja anasema drams zimezidi, mwingine anasema drams ndizo kiini, kana kwamba swali ni kipimo cha chumvi. Nikitazama orodha yangu ya zile Jumatatu sita, nyimbo ambazo watu waliomba zirudiwe ni Stratus na Red Baron, ambazo ndizo Cobham anapiga kwa kujizuia zaidi. Ile aliyoonyesha mbio zote iliombwa kurudiwa mara moja tu, na tena kwa ajili ya uchunguzi. Lakini simkubali anayetaka mbio zile ziondolewe. Red Baron inakuja mwisho, inatembea kama mzee anayekwenda msikitini mapema akijua muda anao, na utulivu wake una uzito kwa sababu umeshasikia mikono ile inaweza kufanya nini. Kujizuia kwa asiyeweza hakuna anayekuona.

Juu ya wapulizaji sitasema mengi. Katika nyimbo mbili, ule wenye jina la albamu na Le Lis, wanaingia Joe Farrell kwa saksafoni na filimbi na Jimmy Owens kwa tarumbeta, pamoja na Ron Carter kwenye besi na Ray Barretto kwenye kongas, na Bolin hayumo; katika Le Lis gitaa limeshikwa na John Tropea. Baadhi yetu walisema hapo albamu inakuwa albamu mbili zilizofungwa kwa kamba moja. Ni kweli. Mama wa vugo alizipenda kongas katika Le Lis, akasema mwisho amesikia ngoma inayopigwa kwa kiganja, na kwamba fimbo ni hodari lakini haina ngozi.

Jambo la mwisho lililobishaniwa lilitokana na picha. Kijana wa pili, ambaye hupiga drams katika bendi za harusi, alituonyesha Cobham akipiga, na kilichomshangaza ni kwamba mikono yake haipishani: mpigaji wa kawaida wa mkono wa kulia huupitisha mkono huo juu ya wa kushoto ili afikie matoazi, lakini huyu huyapiga kwa mkono wa kushoto uliopo karibu nayo, na wa kulia unabaki huru kuzunguka ngoma zote. Kijana alisema amejaribu kwa wiki tatu na majirani wamemshtaki kwa baba yake. Mama alimwambia aje kwake Jumamosi na chapuo, amwonyeshe mkono wa kushoto unavyofunzwa kazi kabla ya kupewa fimbo. Amekwenda Jumamosi mbili sasa. Majirani hawajabadili rai.

Nimeambiwa kwamba stima leo haina ahadi, kwa hiyo sitawaweka zaidi. Mwalimu amekaa pale mbele, na amenionya kwamba baada ya muziki atauliza tena habari ya barua yake. Mzee wa udi yupo nyuma yake, tayari. Mashine ipo, na spika nimeazima mbili. Tunaanza na upande wa pili. Nawaomba mvumilie zile dakika tatu za mwanzo, na atakayesikia farumi ikiingia asiseme, ainue mkono tu.